Jogoo wa Mtani

Abasi Kashindye hakufa. Hilo lisemwe mapema, mtu asije akakaa hapa anangoja jeneza lipite. Angekufa, Xavery angelia siku tatu, angeshika jembe akachimba kaburi kwa mikono yake, watu wangempa pole na mambo yangekwisha. Lakini hakufa, na kwa kuwa hakufa, Xavery akabaki anahangaika na kitu kimoja tu katika mji mzima wa Tabora: mwanamke mmoja, Mwanahawa mke wa Abasi, atamke kwamba amemsamehe.

Haya, tuanze walipoanzia.

Xavery ni Muha wa Kasulu, fundi seremala, mfupi wa kimo na mrefu wa mdomo. Abasi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, Mwislamu wa kuzaliwa, fundi seremala vilevile. Miaka kumi na tisa walishiriki benchi moja la kurandia mninga kwenye karakana ya vitanda kule Gongoni, na katika miaka yote hiyo haikupita siku hawajatukanana. Muha na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipishana kwenye njia ya misafara ya Ujiji, huyu na mawese, yule na pembe begani, na mtani hakasirikiwi. Anakuita mchawi mbele ya wakwe zako, unacheka. Anachukua kuku wako bandani, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro.

"Mnyamwezi," Xavery alikuwa akianza kila asubuhi kabla hata hajavua koti, "babu yako alibeba jino la tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe ubao wa futi sita unaita watu wakusaidie!"

"Na babu yako alikunywa mawese akidhani ni pombe," Abasi anajibu bila kuinua macho kwenye randa. "Ndiyo maana ukoo mzima midomo inateleza."

Mafundi wote wanacheka, kazi inaanza. Ndivyo walivyopendana wale wawili, maana ni kupendana ule, usiseme vingine.

Sasa Abasi alikuwa na shamba la karanga Ntalikwa. Miaka ishirini alikwenda na kurudi kwa baiskeli, mpaka magoti yakamgomea. Akiwa na miaka arobaini na tisa akanunua pikipiki, nyekundu, mpya kabisa, na nailoni ya kiti akakataa kuivua. Tatizo ni kwamba hakujua kuiendesha hata mita moja. Akaja nayo karakana akiisukuma, jasho linamtoka, na Xavery akalala chini kwa kicheko.

Kesho yake Mwanahawa akatokea karakana na baibui lake, akasimama mlangoni. Mwanahawa ni mwanamke wa maneno machache. "Shemeji Xavery," alisema, "wewe una leseni miaka kumi na tano na sijasikia umeanguka. Mfundishe. Lakini umrudishe na mifupa yake yote, la sivyo tutaonana wabaya."

"Shemeji, nitamfundisha mpaka aende Mwanza akirudi nyuma."

"Sikutaka hilo. Nataka arudi nyumbani."

Na Xavery, pamoja na mdomo wake wote, alilichukua jambo lile kwa uzito. Mtu anayesema alifanya mchezo katika kufundisha ni mwongo. Walikwenda kila jioni kwenye uwanja wa wazi nyuma ya maghala ya tumbaku, na siku ya kwanza alimwambia, "Hapa uwanjani hakuna utani. Utani tunauacha pale kwenye mti, tutauchukua tukiondoka." Abasi alidhani huo nao ni utani. Haukuwa.

Siku ile hata ufunguo hakumpa. Alimtaka aisukume, aiegemeze, ailaze chini na kuiinua, mara kumi. "Itakuangukia siku moja," alisema, "na siku hiyo usiwe unakutana na uzito wake kwa mara ya kwanza." Siku ya pili ilikuwa klachi peke yake: minya, ingiza gia, achia polepole, isikie inataka kwenda, minya tena. Mara mia. Abasi alilalamika vidole vinamuuma, na Xavery akamwambia aminye tena. Kisha ikaja kuvuta mafuta kidogo kidogo, kukata kona taratibu, na kutazama mbele. "Ukilitazama shimo utaingia shimoni. Tazama unakotaka kwenda, mashine itakufuata macho."

Breki zilichukua siku tatu nzima. "Breki ni mbili, ya mguu na ya mkono. Zitumie pamoja, taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Ukiibana ya mbele kwa nguvu, usukani umepinda na chini kuna mchanga, hujaangushwa na mtu. Umejitupa mwenyewe." Akamkataza kuendesha kwa mkono mmoja. Akamkataza kutundika mzigo kwenye usukani, hata mfuko wa sukari. Na kofia ngumu alimfunga yeye mwenyewe kila siku, anaingiza kidole chini ya kidevu kupima mkanda kama mama anayempeleka mtoto shule.

Siku ya kumi na mbili Abasi aliendesha kutoka uwanjani mpaka karakana, Xavery anamfuata nyuma na pikipiki yake. Aliwasha indiketa, akatazama kioo, akapisha lori, akasimama bila kuyumba. Mafundi walitoka nje wakampigia makofi. Abasi akavua kofia yake, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani kunywa maji. Uso ulikuwa unamng'aa kwa furaha.

Na hapo ndipo Xavery alipoichukua ile kofia.

Kimila alikuwa na haki. Kitu kipya hakipiti mbele ya mtani hivi hivi. Mtani hukishika, na mwenyewe hukikomboa. Na masomo yalikuwa yamekwisha, utani ulikuwa umetoka kule kwenye mti alikouacha siku kumi na mbili, una njaa. Xavery akaivaa kofia kichwani, akashusha kioo, akasimama mlangoni kama askari.

"Mnyamwezi! Kofia hii imetekwa. Lete jogoo ndipo upate kichwa chako."

Karakana nzima ikapasuka kicheko. Abasi naye alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwizi wewe wa Kasulu! Basi nakuletea yule mwekundu, amekonda kama wewe." Akakaa kwenye nailoni yake, akawasha pikipiki.

Xavery alimwona. Jamani, alimwona! Alikiona kile kichwa kitupu, kipara kinang'aa juani, na moyo ukamwambia mpe kofia yake. Lakini nyumbani kwa Abasi ni pale mtaa wa Ng'ambo tu, hata dakika kumi hazifiki. Na utani ukishaanza mbele za watu, anayeuvunja wa kwanza ndiye ameshindwa. Wangemcheka yeye mpaka Idi. Basi akanyamaza. Mwalimu aliyeingiza kidole chini ya mkanda siku kumi na mbili alinyamaza siku ya kumi na mbili hiyohiyo, kwa sababu hakutaka kuchekwa na mafundi sita.

Wakamngoja nje. Xavery alikuwa anacheza na kofia kichwani, anaimba wimbo wa kejeli kuhusu Wanyamwezi na mizigo, wenzake wanapiga mbao kwa nyundo. Abasi akatokeza kwa mbali, anakuja taratibu kabisa, kama alivyofundishwa. Kwenye usukani alining'inia jogoo mwekundu, amefungwa miguu, kichwa chini. Karibu na karakana lami inaisha na mchanga unaanza, na pale kwenye kona yule jogoo akafungua mabawa akampiga nayo usoni. Abasi akauachia usukani kwa mkono wa kushoto ili amshike. Mkono wa kulia ukaibana breki ya mbele.

Hakupiga kelele. Aliruka juu ya usukani na kichwa kikafikia kwenye ukingo wa karavati, na watu wote pale walisikia. Xavery alikimbia na ile kofia bado kichwani. Alikuwa anapiga ukunga ndani yake na hakuna aliyemwelewa anasema nini, mpaka mtu mmoja akaivua kwa nguvu ili wamsikie.

Jogoo hakuumia.

Abasi alilala hospitali ya Kitete wiki saba. Madaktari walifanya lao, wakatoa damu iliyovilia kichwani, wakamshona, akapumua. Siku ya nne ya wiki ya kwanza, wakati bado hajafumbua macho, Mwanahawa alifika kwa Xavery na hotipoti mkononi. Hakusalimia. Akatandika mkeka, akafungua.

"Shemeji, hiki nini?"

"Haki yako. Ulidai jogoo."

"Shemeji, mimi siwezi..."

"Mwenzako amemleta. Ameshindwa kukukabidhi mkononi, basi. Kula."

Akakaa pale anamtazama. Xavery alikula. Alikula na machozi yanaingia mchuzini, paja, kidari, mabawa, na alipotaka kuacha Mwanahawa alimsogezea shingo. Alipomaliza, mwanamke alihesabu mifupa kwa macho, akafunga hotipoti yake na kuondoka.

Xavery akaenda kwa trafiki aliyepima ajali, akasema, "Afande, niandike mimi. Kosa ni langu." Yule askari, Msukuma mnene mwenye roho nzuri, alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Nikuandike kosa gani, mzee wangu? Kutania? Nenda nyumbani ukapumzike." Mafundi nao wakamwambia hivyohivyo, na padri, na jirani. Kila mtu alimwambia hana kosa. Hilo lilimtesa kuliko kama wangempiga mawe, kwa sababu mtu asiye na kosa anaombaje msamaha?

Abasi aliporudishwa nyumbani alikuwa anatembea, anakula, anakwenda chooni mwenyewe. Ila hakumjua mtu. Mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na mbili alimwita nesi. Binti yake Shamila, aliyekuwa akimwita mama mdogo kwa mapenzi tangu anatambaa, alimwomba kwa adabu asogee, anamzibia hewa. Alikuwa anakaa barazani kwenye kiti cha mninga alichokitengeneza mwenyewe, uso umelala, hacheki wala halii.

Xavery akatafuta wazee wawili wa Kiha wamsindikize kuomba radhi. Walikwenda Ijumaa baada ya sala. Mwanahawa aliwakaribisha, akawapa maji, akawasikiliza wazee mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wazee wangu, shikamooni tena. Tangu lini mtani akaomba radhi?" Wazee wakatazamana. Wakakubali kwamba kimila hakuna kitu kama hicho. Xavery akapiga magoti chini pale barazani, mbele ya kile kiti, na sijui ni mazoea, sijui ni kuchanganyikiwa, kilichomtoka mdomoni hakikuwa msamaha.

"Mnyamwezi," alisema, "babu yako alibeba jino la tembo mpaka Bagamoyo. Wewe umeshindwa kubebwa na mashine?"

Na Abasi akacheka.

Kilikuwa kicheko chake chenyewe, cha tumboni, cha miaka kumi na tisa. "Muha huyu!" akasema. "Kanywe mawese." Halafu uso ukalala tena. Shamila ndani ya nyumba akaangusha sahani. Mwanahawa alipoongea wazee walishaanza kuaga.

"Utakuja kila siku saa kumi," alimwambia Xavery. "Utamtukana acheke. Msamaha usinitajie. Siku Abasi atakaponiita Mwanahawa, siku hiyo nitakusamehe."

Basi Xavery akawa anakwenda. Saa kumi kamili, jua kali, mvua, Jumapili, sikukuu. Anaacha randa yake benchini, anavuka mji mpaka Ng'ambo, anakaa kwenye kigoda na kumtukana mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemvunja kichwa. Abasi anacheka, anarudisha tusi lilelile la mawese, anacheka tena. Mwanahawa anapika nyuma ya nyumba, hajitokezi, ila kila kicheko kikitoka, sauti ya mchi kwenye kinu inasimama. Xavery aliisikia inavyosimama. Miezi miwili ilikwisha, na usiku ndoto zake zilikuwa matusi. Akamwambia mkewe bora yeye ndiye angeanguka. Mkewe akamwambia ale chakula.

Ndipo akapata akili yake mbovu.

Alijisemea: huyu mtu nilimfundisha klachi kwa kurudia mara mia. Jina nalo ni hivyohivyo. Akaanza siku Mwanahawa alipokwenda sokoni. "Mnyamwezi, mwenye kichwa kama stuli! Mwanamke gani alikukubali wewe? Sema Mwanahawa." Abasi akacheka, akanyamaza. "Nani alikukubali? Sema Mwanahawa." Mara mia. Kesho yake tena, kwa kunong'ona, mchi ukiwa unatwanga. Siku ya tano Abasi akasema "Mwana." Siku ya nane akasema "Hawa," akacheka. Xavery alikuwa anatoka jasho la mwalimu. Aliona kabisa kwamba mwenzake anajifunza sauti tu, wala hajui ni ya nani, na akaendelea. Alilitaka lile neno kuliko alivyoogopa namna ya kulipata.

Siku ya kumi na moja, saa kumi na nusu, mchi unalia nyuma ya nyumba, Xavery akauliza, "Nani alikukubali wewe?"

"Mwanahawa!" Abasi akaita kwa sauti kubwa.

Mchi ukaanguka. Mwanahawa alitokeza mbio, unga mpaka kwenye viwiko, kanga imemtoka kichwani, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tano anakimbia kama binti. "Abee!" aliitika. "Abee, mume wangu, nipo hapa!"

Abasi alimtazama. Akamtazama kidogo tu, kwa adabu, kisha akamgeukia Xavery na uso uliojaa furaha. "Nimepatia, mtani?"

Kisha akamwonyesha Mwanahawa kwa kidevu. "Huyu nesi anataka nini?" Abasi akauliza.

Mwanahawa aliyaelewa yote pale pale. Akajifuta unga taratibu, mkono huu, mkono huu.

"Umemfundisha," Mwanahawa alisema.

"Shemeji..."

"Umemfundisha jina langu kama unamfundisha kasuku, ili mimi nikwambie neno." Hakupaza sauti. "Nikwambie kitu, Xavery. Siku ile alipofika bila kofia nilimuuliza iko wapi. Akasema anayo mtani. Nikacheka. Nilimkamata jogoo kwa mikono hii, nikamfunga miguu mimi, nikamtundika kwenye usukani mimi, nikamwambia mume wangu wahi, wanakungoja. Kosa ni letu wawili. Wewe una mtu wa kumwomba radhi. Mimi wa kuniambia amenisamehe ni huyu hapa, na ananiita nesi."

Xavery alikuwa analia waziwazi. "Basi usinisamehe," alisema. "Nitakuja kesho. Nitakuja kila siku."

"Hapana. Niliahidi, na mimi si mtani, maneno yangu hayana mchezo. Ameniita Mwanahawa. Nimekusamehe." Akaokota kanga yake, akajifunga. "Umepata ulichokifuata. Usikanyage hapa tena."

"Shemeji, nani atamchekesha?"

"Hakuna," alisema Mwanahawa, akarudi kwenye kinu chake.

Kesho yake Xavery alikaa benchini mpaka saa kumi ikagonga, na miguu ikamtoa nje bila kumuuliza. Alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha muuza mkaa, akaona barazani. Abasi alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, anatazama njia, kila anayepita anamkagua uso. Alipomwona Xavery aliinuka nusu. Akapunga mkono. Xavery akafungua mdomo, tusi liko tayari.

Mwanahawa alitoka ndani. Alimwona aliyesimama ng'ambo, hakukunja hata uso. Akashika kiti kwa nyuma, na mume wake akiwa amekikalia tena, akakigeuza kikaangalia ukuta. Abasi hakubisha. Alikaa vilevile, ameinama mbele, anautazama ukuta na kutabasamu, anangoja atukanwe.